Mzee aliyejua kupisha

(Haya ni maneno niliyoongea hapa Mkuranga tarehe 8 Mei 2025, kwenye kikao chetu kidogo cha kumkumbuka rais wetu wa zamani, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Watu waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimeondoa kukohoa tu na zile sehemu nilizosahau nilikuwa nasema nini.)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwasababu viti vimeisha, poleni, sitachukua muda mrefu, ingawa najua mwalimu akisema hivo hakuna anayemwamini.

Jana wakati tunapanga hivi viti ndo ikaja habari kwamba Mzee Cleopa Msuya naye katutoka, miaka 94. Kuna wenzetu walisema tuahirishe, taifa lina msiba. Mimi nikasema hapana jamani, tusiahirishe, maana huwezi kumsimulia Mwinyi ukamruka Msuya. Msuya ndo alikuwa waziri wake wa fedha wakati nchi haina hata senti ya kununulia mafuta, na mwisho kabisa akaja kuwa waziri mkuu wake. Kwahiyo leo tulikuja kumkumbuka mmoja, tumejikuta tunao wawili. Mungu awarehemu wote.

Haya. Angekuwepo, leo Mzee angetimiza miaka 100 kamili. Kazaliwa 8 Mei 1925 Kivure, hapa hapa kwetu, akiwa mdogo akapelekwa Unguja kusoma, na ndo maana mpaka leo kuna ubishi wa mabarazani kwamba yule ni wa huku au wa kule. Mimi huo ubishi siuingii, wapo watu hapa wanaweza kunipiga.

Na nimejiahidi kitu kimoja. Ule usemi wake wa maisha ya mtu ni hadithi, sitausema. Mmeusikia kwenye kila msiba, upo nyuma ya bajaji, upo kwenye khanga, ukimwamsha mtoto usiku wa manane anakumalizia. Mimi nataka niongelee kitu ambacho hatukisemi sana kuhusu yule mzee, nacho ni kwamba alijua kupisha. Kupisha tu, kama unavyompisha mtu mlangoni. Nikitoka hapa naomba mkumbuke neno hilo moja, mengine mkiyasahau sitawadai.

Sasa ili mnielewe inabidi niwarudishe kwenye foleni. Mimi nimekulia Temeke. Mwaka 82, 83, nilikuwa na miaka kumi na kitu, na kazi yangu kubwa zaidi ya shule ilikuwa kushika foleni. Vijana hamjui. Duka la ushirika likisikika linaleta sukari, basi habari inaenda kama moto, na kabla gari halijafika watu wameshaweka mawe. Jiwe ndo wewe. Unaweka jiwe lako, unalifunga kitambaa au kamba ulitambue, unaenda kuendelea na shughuli, ukirudi unasimama nyuma ya jiwe lako. Mama yangu alikuwa na jiwe zuri la duara, analihifadhi chini ya kitanda kama mali. Na nawaambia ukweli, ukirudi unaweza kukuta jiwe lako limesogezwa nyuma hatua sita na hakuna aliyeona, watu wote wanaangalia juu wanahesabu kunguru! Watu wapole, watu wa swala tano, lakini kwa kilo moja ya sukari hakuna anayempisha mwenzie hata kidogo.

Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Unga ni ule wa njano, tukiuita yanga, wa msaada. Viatu ni katambuga, tairi la gari limekatwa likafungwa mguuni, na mtu ukionekana na shati zuri unaulizwa umelipata wapi, maana nguo za mitumba tulikuwa tunaziita kafa Ulaya na zilikuwa zinakuja kwa kujificha. Alafu 83 ikaja ile vita ya wahujumu uchumi, watu wanatupa vitu usiku wasikutwe navyo, mwenye katoni mbili za sabuni halali usingizi. Kulikuwa na sababu za hali ile, sisemi ilikuwa uvivu wa mtu: tulitoka kwenye vita ya Amin, mafuta yalipanda bei dunia nzima, jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika, ukame nao, na sera zetu wenyewe zikaongezea. Lakini tumbo haliangalii sababu.

Huo ndo mlango aliokuja kusimama Mzee Mwinyi. Na mimi nasema kabla hatujafika hapo turudi nyuma kidogo, 1977, kwasababu bila 1977 hamtamwelewa mtu huyu.

Mwaka 1975 Mwinyi anafanywa waziri wa mambo ya ndani. Polisi, magereza, vyote viko chini yake. Huko Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji, vikongwe wanauawa kwa imani za kishirikina, serikali ikaendesha operesheni kuwakamata wahusika. Sasa kwenye ile operesheni watuhumiwa wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri yuko Dar es Salaam. Hajampiga mtu, hakutuma mtu apigwe, na wala hakuna aliyesema kwamba alijua. Taarifa ilipotoka, Januari 1977, Mwinyi akaandika barua akaachia ngazi. Na hakuwa peke yake, wakuu wa mikoa ile miwili nao waliondoka. Lakini yeye ndo wizara ilikuwa yake, na hoja yake ilikuwa rahisi kabisa, kwamba waliofanya hivi wako chini yangu, kwahiyo na mimi nimo.

Ngoja nisimame hapo kidogo, maana kila nikifundisha somo la uraia nikifika hapa darasa linanyamaza. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Sasa mwalimu, yeye kosa lake nini?" Nikamwambia hilo ndo swali lenyewe. Siku hizi kitu kikiharibika ofisini tunaunda kamati. Kamati ikimaliza tunaunda kamati ya kupitia kamati. Alafu mlinzi wa getini anasimamishwa kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kazi mahali, sipataji, pesa za chakula cha watoto zikapotea, na mtu pekee aliyeadhibiwa ni mpishi, ambaye hata saini ya kuchukulia hizo pesa hakuwa nayo. Mkubwa mwenyewe alituita kikao akatuhutubia kuhusu uadilifu, saa mbili nzima, na soda tulinunua wenyewe.

Kwahiyo Mwinyi kapisha. Na mkumbuke zama zile ukiachia uwaziri huna pa kwenda, hakuna biashara, hakuna bodi ya benki, chama ni kimoja, ukitoka umetoka. Mwalimu Nyerere akampeleka Misri kuwa balozi. Akakaa Cairo huko, watu wakamsahau, sisi wengine hata hatukuwa tumemjua. Akarudi 1982 akapewa maliasili na utalii, wizara ya kimya kimya.

Alafu ikaja Januari 1984, ile tunayoiita kuchafuka kwa hali ya hewa Zanzibar. Mzee Jumbe, rais wa Zanzibar, akajiuzulu kule Dodoma, na Zanzibar ilikuwa inachemka. Nani apelekwe? Kapelekwa yule aliyeandika barua 1977. Mimi huwa nafikiri, huu ni mtazamo wangu tu mtu anaweza kuukataa, kwamba walimchagua kwasababu walishaona kuwa kiti hakijamgandisha. Mtu asiyeng'ang'ania unaweza kumkabidhi kitu cha moto. Akaingia, akatuliza watu, katiba mpya ya Zanzibar ya 1984 ikapatikana, na biashara ikaachiwa kupumua kidogo kule visiwani kabla ya huku bara. Mwaka uliofuata, 5 Novemba 1985, anaapishwa kuwa rais wa nchi nzima. Toka barua ya kujiuzulu mpaka Ikulu hata miaka tisa haijafika. Nyie mnaoogopa kuachia uenyekiti wa kikoba, nawaona.

(Hapa watu walicheka na kuna mama mmoja aligeuziwa macho na safu nzima, jina nalihifadhi.)

Sasa hebu fikirini unampokea kiti Mwalimu Nyerere. Yaani utavaa viatu vya nani? Na Mwalimu hakuondoka yote, aliacha urais akabaki na uenyekiti wa chama mpaka 1990, na enzi zile chama kimeshika hatamu, maana yake rais ana bosi. Mwingine angetaka kuonesha na yeye ni dume. Mwinyi mwenyewe alijifananisha na kichuguu, Mwalimu ndo mlima Kilimanjaro. Watu wengine walicheka wakasema mzee anajidharau. Mimi naona ilikuwa akili kubwa mno, kwasababu ukishasema mwenyewe kuwa wewe ni kichuguu hakuna anayeweza kukupima na mlima tena, unaachwa ufanye kazi yako. Na kichuguu mnakijua, kinapanda kidogo kidogo, ukija kushtuka kimefika dirishani.

Akafanya kazi gani. Tuseme ukweli wa Mungu, mlango haukuanza kufunguliwa na Mwinyi. Bajeti ya 1984, Nyerere bado yupo madarakani, waziri wa fedha huyo huyo Msuya tuliyempoteza jana, ndo iliyoruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa bila kuulizwa sana kazitoa wapi. Kwahiyo ufa ulishakuwepo. Mwinyi alichofanya ni kuufungua wote na kuweka jiwe mlango usijifunge. Agosti 1986 wakakubaliana na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, yale mambo ambayo Mwalimu aliyakataa kwa miaka. Na kukubali kulikuwa na bei yake, tusijidanganye. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi, katikati ya mwaka ikawa 40, Mzee anaondoka 1995 dola inapita shilingi 500. Bei ya vitu ilikuwa inapanda karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mimi nilianza kufundisha miaka hiyo, mshahara ukitoka tarehe 30, tarehe 5 unausoma kwenye karatasi tu kama barua ya mchumba wa zamani. Kila mwalimu alikuwa na kuku, wengine walikuwa na kuku mpaka chumbani, mwalimu mkuu wetu anauza barafu, na mke wake maandazi. Na ada zikarudi, kuchangia hospitali kukaja, vitu ambavyo sisi tulikua tunavijua ni vya bure.

Lakini jiwe la mama lilirudi nje likawa la kukandamizia mlango wa kuku. Sijui niliseme vipi hili likaeleweka kwa mtu wa 2025. Siku moja, sijui 87, mama alirudi toka Manzese na shati la mtumba la kitambaa kizito, rangi ya damu ya mzee, likiwa na kifungo kimoja tofauti, akanipa, na mimi nikalivaa nikaenda kusimama barabarani bila shughuli yoyote, nimesimama tu ili watu wapite wanione. Hakuna aliyeniuliza nimelipata wapi. Ndo hicho tu. Miaka miwili mitatu nyuma yake shati lile lingekuwa kesi.

Na hapo ndo likazaliwa jina la Mzee Rukhsa. Na mlisikilize lile neno vizuri, sio ruhusa yetu sisi wa huku, ni rukhsa, na ile kh ya Unguja inayotokea kooni, na aliitamka huku anatabasamu. Mitumba, rukhsa. Kufungua duka, rukhsa. Kufuga, kulima, mtumishi kuwa na mradi wake, rukhsa, na hilo la mwisho ndo lililokuja kuandikwa rasmi na chama mwaka 1991, Azimio la Zanzibar, likaacha kando masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kuna wazee hapa mpaka kesho hawajamsamehe kwa hilo, wanasema pale ndo viongozi walipoanza kuwa na maghorofa. Mimi sitawabishia, hoja wanayo. Nasema tu kwamba kiongozi alikuwa anakatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na waliokuwa wanazo walikuwa wanaziandika kwa majina ya mashemeji. Alichofanya Azimio la Zanzibar ni kuwapumzisha mashemeji.

Na kuna ile ya 1993 mnaipenda wote. Aprili ile watu walivamia mabucha ya nguruwe pale Dar es Salaam wakayavunja. Nchi ikashika pumzi, maana rais ni Muislamu, tena mswalihina, watu wanangoja aseme nini. Inasimuliwa kwamba alijibu kwa lile lile neno lake, anayetaka kula kitimoto ale, asiyetaka asile, rukhsa. Mimi mwenyewe sikuwepo alipoisema nimeipokea kama mlivyoipokea nyie. Ila najua nilichokiona, kwamba nchi haikuwaka moto. Muislamu anayeishi na dini yake mpaka mwisho, na bado anampisha jirani na sahani yake. Hiyo ndo kupisha ninayoisema, haina maana ya kuacha unachokiamini.

Ya vyama vingi nitapita haraka maana kesho kutwa uchaguzi na sitaki kikao kigeuke. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza watu, na kama asilimia 80 hivi walisema tubaki na chama kimoja. Asilimia 80! Rais yeyote anayetaka kubaki na mambo yake alikuwa ameshapewa kisingizio kwenye sinia. Tume ikasema hata hivyo wale asilimia 20 wana haki ya kusikilizwa, Mwalimu naye alishaanza kusema hivo hivo, na Mwinyi akakubali, sheria ikaanza kutumika 1 Julai 1992. Wachache wakapishwa na wengi. Magazeti yakaja, Majira, Rai, Nipashe, ambayo mengi yalianza kazi kwa kumtukana yeye mwenyewe. Mwaka 94 ikaja Radio One na ITV. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi toka miaka ya 70, sisi wa bara tulikuwa tunahadithiwa tu kama watoto wanavyohadithiwa habari za peponi.

Sasa madoa. Sikuja hapa kupaka mtu rangi nyeupe, na mzee mwenyewe alikuwa mwalimu, angeona mtihani umesahihishwa kwa upendeleo angekasirika. Mlango ukifunguliwa wote wanaingia. Misamaha ya kodi ilitolewa hovyo, mpaka mwishoni mwa 1994 wafadhili wakashika misaada yao. Kulikuwa na Loliondo, kitalu cha uwindaji alichopewa mtu mkubwa kutoka Uarabuni, Wamasai wenye eneo wanasikia kwenye gazeti. Rushwa ilitoka kuwa aibu ikawa salamu. Muungano nao uliyumba, Zanzibar imejiunga na OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, imetoka, wabunge 55 wakadai serikali ya Tanganyika. Mwalimu alimsema hadharani, na nyie mnajua Mwalimu akikusema hadharani nchi nzima inakaa chini kusikiliza. Ukimpima Mwinyi kwa ukali, atafeli. Alikuwa na fagio lake la chuma, ndio, 1990 aliwaambia mawaziri wote waandike barua za kujiuzulu alafu akawarudisha baadhi na wengine wakabaki nje, lakini fagio lile halikufagia mara ya pili. Kupisha nako kuna ubaya wake, unaweza ukampisha na mwizi. Hilo naliweka mezani, na sijui kama lina dawa.

Mwaka 1995, miaka kumi imetimia, 23 Novemba anamkabidhi Mkapa. Alikuwa na miaka 70 na afya kama kijana, yule mzee alikuwa anakimbia mazoezi wakati sisi tunapumzika kwenye ngazi. Hakutafuta njia ya pembeni. Akaishi baada ya hapo miaka 28, ni karibu mara tatu ya miaka aliyotawala, na kwa muda wote huo mara ngapi mmemsikia akimkosoa rais aliyepo, akijifanya nchi haiendi bila yeye? Akawaona Mkapa, Kikwete, Magufuli, Mama Samia. Wawili kati ya hao akawazika. Mwanae naye kawa rais wa Zanzibar 2020, na mzee akawa anakaa kwenye viti vya wageni kama baba wa harusi.

Hapo kuna kijana nimemuona ananyoosha mkono toka zamani na najua anachotaka kusema. Anataka kuniambia mwalimu mbona 2017 Mzee huyo huyo alisema kama isingekuwa katiba angeshauri Magufuli awe rais siku zote? Kweli, alisema. Lilinikwaza, na bado linanikwaza, na sina maelezo ya kulilainisha. Nilijaribu kujiambia ni ukarimu wa mzee kumsifia kijana wake, unajua wazee wa pwani tukisifia tunasifia mpaka tunapitiliza. Lakini mtu aliyepisha yeye mwenyewe hakutakiwa kumwambia mwenzie asipishe. Kijana shusha mkono, umeshinda.

Nimalizie na mbili. Mwaka 2009 pale Diamond Jubilee, sherehe za Maulid, kijana alipanda akamzaba kofi, mzee wa miaka 83. Nchi nzima ikaongelea kofi. Hakuna sana aliyeuliza, kwani mzee alikuwa anasema nini pale? Alikuwa anaongea mambo ya ukimwi na kujikinga, mbele ya waumini, kwenye Maulid. Ana miaka 13 toka astaafu, angeweza kusoma dua akakaa akala pilau yake akaondoka. Yule alikuwa bado yuko darasani. Kumbukeni kabla ya yote alikuwa mwalimu, alifundisha Mangapwani akawa mwalimu mkuu hapo hapo, akasoma mpaka Durham kule Uingereza akarudi kufundisha walimu.

Na ndo Mangapwani alikozikwa. Alifariki 29 Februari 2024, hospitali ya Mzena, miaka 98, Rais akatutangazia, siku saba bendera nusu mlingoti. Tarehe 29 Februari! Tarehe inayokuja mara moja kwa miaka minne, yaani hata hiyo siku ya kumlilia anatupisha miaka mitatu ndo irudi. Mimi nilivuka kwenda maziko, 2 Machi. Nilikuwa nyuma sana sikuona kitu, nimeona migongo ya watu na minazi tu. Mbele yangu alisimama bibi mmoja mfupi wa pale kijijini, naye haoni, na mbele yake kuna vijana warefu wa watu wazima wamevaa suti, wageni wa kutoka huku. Akamgusa mmoja begani akamwambia, mwanangu nipishe, huyu alinifundisha kusoma. Yule bwana akageuka, akasogea, na wa mbele yake akasogea, ikafunguka njia nyembamba mpaka mbele kule, bibi akapita nayo polepole na kile kimkoba chake. Nami nikataka kumfuata hapo hapo nyuma yake, ikawa imeshajifunga.

Naona mwenyekiti ameangalia saa mara tatu. Nusu saa nzima nahubiri kupisha na maiki nimeikumbatia mwenyewe. Haya mama, shika.